Bahari inakula shamba la marehemu baba: tujenge ukuta?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka kijiji kimoja kusini ya mlango wa Mto Pangani. Marehemu baba alituachia shamba la minazi linalopakana na ufukwe. Safu mbili za mbele zimeshaanguka, na sasa maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanakaribia banda la uani na makaburi ya wazee. Kisima nacho kimeanza kuonja chumvi. Sisi na majirani tumechanga fedha za kujenga ukuta wa mawe na fundi yuko tayari, lakini wazee wanasema bahari huja na kurudi, tungoje. Vijana wanataka tupande mikoko. Tushike lipi?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Mwambieni fundi asubiri. Sisemi kwamba ukuta ni kosa kila mahali, na huko chini nitataja penye haki ya kujengwa. Nasema hamjajua bado mchanga wenu umekwenda wapi. Asiyejua hilo hujenga pasipo, na baada ya misimu michache hubaki hana ufukwe wala ukuta.

Tuanze na huo mchanga. Mnaouona leo mbele ya shamba si ule wa mwaka jana. Upepo wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, huleta mawimbi ya mshazari yanayousukuma kuelekea kaskazini. Kaskazi ikiingia, unarudishwa kusini, ingawa kwa nguvu ndogo. Ufukwe ni kama mfuko wa kikoba: kuna wanaoweka, kuna wanaokopa, na mfuko hukauka siku ya kukopa kuliko kuweka. Kwa hiyo wazee wana sehemu ya haki. Ufukwe uliokonda mwezi wa Julai unaweza kunenepa tena Februari, na mtu akiupima mara moja tu hajui kama ameona msimu au maafa. Ila mnazi mkubwa uliosimama miaka mingi hauangushwi na msimu wa kawaida. Safu mbili zikianguka, mfuko wenu unapungua kweli, na kungoja tu hakutaujaza.

Wengi watakwambia ni mabadiliko ya tabianchi, wakaishia hapo. Kina cha bahari kinapanda, hilo halina ubishi. Ripoti ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 inasema wastani wa dunia ulipanda sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Sasa fanyeni hesabu. Kuna kanuni ya zamani ya mhandisi wa Denmark, Per Bruun, inayokadiria kwamba kwenye ufukwe wa mchanga, kila sentimita moja ya kina inayopanda hurudisha ukingo nyuma kwa kiasi cha nusu mita hadi mita moja. Ni makadirio ya jumla na wataalamu wanayabishania, lakini yanatupa picha. Kwa milimita 3.7 unapata kama sentimita 20 hadi 40 kwa mwaka. Ikiwa ninyi mnapoteza mita mbili au tatu kila mwaka, sehemu kubwa ya hasara ina sababu nyingine, na huenda sababu hiyo iko karibu kiasi cha mkutano wa kijiji kuweza kuigusa. Ndiyo maana nakereka nikisikia lawama zote zikitupiwa hali ya hewa. Zinawafunga watu mikono penye jambo la kufanya.

Nendeni ufukweni na ndimu. Chukueni konzi ya mchanga mkavu, iwekeni kwenye kisahani, mkamulie ndimu au mmwagie siki. Ukitoa povu na vipovu vidogo, mchanga wenu kwa sehemu kubwa umezaliwa baharini: ni vipande vya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Usipotoa kitu, ukakaa kimya na rangi yake ya kahawia, umeletwa na mto kutoka bara. Fanyeni hivyo mahali kadhaa, juu karibu na minazi na chini maji yakipwa. Si maabara, lakini mtajua mlango upi wa mchanga mnatakiwa kuulinda.

Ikiwa ni mchanga wa mto, habari yake ni ndefu. Mto Pangani umewekewa bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale tangu miaka ya 1960, kisha mtambo mpya wa Pangani katika miaka ya 1990, na juu yake kuna mashamba mengi ya umwagiliaji. Bwawa huzuia udongo na mchanga, na mto ukipunguzwa maji hukosa nguvu ya kusukuma unachobeba. Wakazi wa mwambao wa mto wanajua jinsi maji ya chumvi yanavyopanda mbali ndani siku hizi. Bwawa hamtalibomoa. Lakini vijito vyenu vidogo vinavyoshuka moja kwa moja pwani navyo hulisha ufukwe, na mara nyingi ndivyo vinavyochimbwa mchanga wa ujenzi usiku na mchana.

Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ndiyo shule yetu ya jambo hili, na ada imelipwa kwa uchungu. Mito ya Tegeta, Mdumbwi na Mbezi ilichimbwa mchanga kwa malori kwa miaka mingi mji ulipokuwa ukipanuka. Baharini, miamba ilivunjwa kwa uvuvi wa mabomu. Ufukwe ukaanza kurudi nyuma, na hoteli ya Africana iliyokuwa maarufu ikaliwa na bahari hadi ikaachwa. Waliobaki wakaingiza mikono ya mawe baharini ili kukamata mchanga unaopita. Mkono wa mawe hukamata kweli: upande unakotoka mchanga, ufukwe hunenepa. Upande wa pili hukonda, kwa sababu kilichokamatwa kilikuwa njiani kwenda kwa jirani. Jirani naye akajenga mkono wake. Kila mmoja alikuwa anajitetea kihalali kabisa, na wote kwa pamoja wakausambaza ugonjwa kuelekea kaskazini.

Ikiwa mchanga wenu umetoa povu, basi mama yake ni mwamba. Pono, yule samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, hutafuna matumbawe yaliyokufa na kuyatoa kama mchanga laini. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mwamba huohuo ndio ngome. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya vipimo vya bahari mbalimbali duniani, ulikuta miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97 kabla hayajafika pwani. Hakuna fundi atakayewajengea ukuta wa namna hiyo. Miamba ya Tanga iliumizwa na mabomu, kisha joto la El Niño la 1998 likaifanya ipauke na mingine kufa. Mabomu yamepungua sana tangu msako mkali wa miaka ya 2016 na kuendelea, na hiyo ni habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Linalobaki mikononi mwenu ni kokoro linaloburuta juu ya mwamba, wavunaji wa matumbawe kwa ajili ya tanuri la chokaa, na hapa niulize waziwazi: mawe ya ukuta huo fundi anayatoa wapi? Nimeona pwani nyingi ukuta wa kuzuia bahari ukijengwa kwa mawe yaliyong'olewa baharini hapohapo. Kama ndiyo mpango, uvunjeni leo.

Sasa huo ukuta wenyewe. Wimbi likipanda ufukwe wa mteremko huishiwa nguvu kidogo kidogo, na mchanga uliochotwa huachwa njiani. Likigonga ukuta uliosimama wima, halina pa kuishia. Hurudi na nguvu yake na kuchimba mchanga wa mguuni. Maji mbele ya ukuta yanazidi kuwa na kina, mawimbi makubwa zaidi yanafika, yanachimba zaidi. Msingi uliowekwa mita moja chini unabaki wazi, mawe ya chini yanateleza, ukuta unapasuka katikati. Na kabla hilo halijatokea, bahari huwa imeshazunguka ncha zake mbili. Pale ukuta unapoishia, mawimbi huchimba kwa hasira mara mbili, na anayepokea ni yule jirani ambaye hakuwa na fedha za kuchangia. Nimewahi kuketi kwenye vikao vya ugomvi wa namna hii; undugu wa miaka huvunjika.

Waholanzi, ambao sehemu kubwa ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari na ambao hawana wa kuwafundisha kujenga kuta, pwani zao za mchanga wanazilisha mchanga. Mwaka 2011 walimwaga zaidi ya meta za ujazo milioni 21 mahali pamoja karibu na The Hague ili mawimbi na upepo viusambaze vyenyewe. Siwaambii mwige; hiyo ni mali ya dola. Nawaonyesha tu kwamba hata wenye uwezo wa kujenga chochote wanaona penye ufukwe wa mchanga kinachotakiwa ni mchanga.

Ukuta una haki yake pale ambapo kilicho nyuma hakiwezi kuhama na thamani yake ni ya umma wote. Ukingo wa Barabara ya Obama jijini Dar es Salaam, ambako ukuta mpya ulikamilika 2018, ni barabara kuu ya mji. Fort Jesus ya Mombasa imekaa hapo tangu 1593, haina pa kuhamia, na mguu wake ulikuwa unaliwa. Kuikinga ilikuwa lazima. Mji wa Pangani wenyewe, nyumba zikiwa zimegusana na maji, ni hivyohivyo. Shamba la minazi si hivyo, ingawa najua kwa mioyo yenu lina uzito kuliko barabara yoyote.

Kuhusu mikoko, vijana wana nia nzuri, lakini kwanza wajue mahali. Mkoko, mkandaa na mchu hupenda tope, maji yaliyotulia, kwenye vijito na ghuba zenye kinga. Delta ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, imesimama juu ya tope la mto. Kule Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, na fedha zimeleta maji na vitabu vya shule. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini mche wa mkoko uliochomekwa kwenye ufukwe wazi unaopigwa na kusi utang'olewa kabla ya bamvua la pili. Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004 ilipanda mikoko mahali pengi kwa haraka, na sehemu kubwa ikafa kwa sababu hiyohiyo. Ikiwa kijiji chenu kina kijito chenye mikoko iliyokatwa, pandeni huko, mkianza kwa kumwona afisa wa misitu, maana mikoko yote ni hifadhi. Itawasaidia kwa samaki na kwa kushika tope la mto. Shamba lenu la mbele haitalifikia.

Ufukweni kinachofaa ni mlakasa, ule mmea wa kutambaa wenye maua ya zambarau ambao watu hung'oa wakidhani ni magugu yanayochafua mandhari. Mlakasa hushika mchanga unaopeperushwa na kuujenga tuta dogo, na tuta hilo ndilo akiba inayotolewa siku ya dhoruba. Uacheni, upandeni vipande vyake mwanzo wa masika, muufungie njia ya ng'ombe na pikipiki. Minazi mizuri, lakini mizizi yake haizuii ukingo uliochimbwa kwa chini, kwa hiyo kupanda safu mpya pale palipoanguka ya zamani ni kuitupa miche. Mbele yenu baharini mnaona fungu la Maziwe. Wazee wanakumbuka kilipokuwa kisiwa chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga. Kilipoteza miti yake, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa, hata mayai ya kasa siku hizi huhamishiwa bara ili yasife. Kukata miti pekee huenda hakukutosha kukiua. Lakini mchanga usio na mmea juu yake hauna mtetezi.

Basi fanyeni haya, na gharama yake ni ndogo kuliko msingi wa huo ukuta. Pigeni vigingi vitatu au vine imara ndani ya shamba, mbali na hatari, mkavitia alama. Kila mwezi, siku ileile ya bamvua la mwezi mwandamo, mtu mmoja apime kwa futi kamba kutoka kila kigingi hadi ukingo uliomomonyoka, kisha hadi mstari wa majani na takataka ulioachwa na maji ya juu kabisa. Andikeni kwenye daftari, pigeni picha mkiwa mmesimama palepale. Mpite kusi nzima na kaskazi nzima. Na mtu mwenye kompyuta awafungulie picha za zamani za setilaiti za Google Earth. Mara nyingi zinaonyesha ukingo ulikuwa wapi miaka kumi au kumi na tano iliyopita. Daftari hilo lina nguvu kwa afisa mazingira wa wilaya kuliko malalamiko yoyote.

Wakati mnapima, funga mlango wa kuchota: hakuna mchanga wa ufukweni kwa tofali, hata wa nyumba ya shehe, hata wa msikiti. Kikundi chenu cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, kina mamlaka ya kusimamia sheria ndogo za uvuvi. Kitumieni kwa ajili ya mwamba. Magunia ya plastiki yaliyojazwa mchanga wa ufukwe huohuo msiyaweke. Jua huyala, yakapasuka, na mnabaki na plastiki baharini.

Kisha hameni nyuma, kidogo kidogo na kwa hiari yenu, kabla bahari haijawachagulia usiku. Banda la uani lihamishwe mwaka huu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa bahari, na mimi naiona sheria hiyo kama ushauri mzuri kabla ya kuwa amri. Lakini angalieni mnakohamia. Nyuma ya fukwe nyingi kuna bonde la kijito, linaonekana kavu na rahisi. Mvua za masika zikikutana na bamvua, maji ya bara hayapati pa kutokea na bonde hujaa kwa saa chache. Dar es Salaam, Desemba 2011, watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko, wengi wakiwa wa mabondeni. Waulizeni wazee maji yaliwahi kufika wapi, mjenge juu ya alama hiyo.

Kisima: punguzeni kuchota, msifunge pampu ya nguvu, maana maji matamu yanaelea juu ya chumvi na pampu huivuta chumvi juu. Chimbeni kipya ndani zaidi ya shamba, kifupi, na vuneni mvua ya paa kwa kunywa.

Makaburi: hili si la mtaalamu wa pwani kulikata. Mwendeeni shehe wenu na ndugu wote wa marehemu sasa hivi, wakati ukingo bado uko mbali nayo, mkubaliane mtafanya nini maji yakifika kigingi fulani. Ni jambo zito kulizungumza, na ni zito mara kumi kulizungumza mifupa ikiwa imeonekana.

Na ikiwa, baada ya vipimo vya mwaka, kikao kitaamua kujenga tu, basi mtakeni mhandisi wa bahari aliyesajiliwa, si fundi wa nyumba. Mwulizeni msingi unashuka chini ya ufukwe uliokonda wa Julai kwa kiasi gani, kwa nini asiweke mteremko wa mawe makubwa ya bara yanayovunja wimbi badala ya ukuta wima, kama nyuma ya mawe kuna kitambaa cha kuchuja ili udongo usinyonywe, na maji ya mvua kutoka shambani yanatokea wapi. Mwulizeni pia ncha mbili zinaishia kwa nani. Kazi hiyo inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kupitia taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira (NEMC), na wenye mashamba ya pande zote mbili za ukuta, waliochanga na wasiochanga, wakae kwenye kikao kabla lori la kwanza la mawe halijafika.